Kinyozi Aliyelaza Mtaa Mzima Akashindwa na Wawili

Katika mtaa ule, ukilalamika kwamba hupati usingizi, watu hawakushauri dawa. Watakwambia nenda kanyolewe. Kiti cha kinyozi wao, kile cha kuzunguka chenye ngozi iliyopasuka na kuzibwa kwa utepe mweusi, kimewalegeza wenye roho ngumu: dereva wa lori aliyezoea kukesha barabarani, mhasibu mwenye presha, fundi bomba ambaye mkewe anaapa hajawahi kumwona amefumba macho yote mawili. Wanakaa, wanafungwa shuka shingoni, mashine inaanza kunguruma nyuma ya sikio, na kabla upande mmoja haujakwisha kichwa kimeshaangukia kifuani. Kinyozi hukiinua kwa vidole viwili, taratibu, akaendelea na kazi. Akimaliza anampiga mtu poda shingoni na kumwambia, "Karibu tena duniani, bwana."

Sifa hizo zilimvimbisha kichwa. Kwa mambo mengine hakuwa mtu wa maringo; mashati yake yote yalikuwa na nywele za watu wengine, na redio ya dukani ilishika stesheni moja tu, ya matangazo ya vifo. Lakini ukigusa habari ya usingizi, alijivuna utadhani yeye ndiye aliyeugundua. Ndiyo maana siku mkewe aliporudi kutoka kiwanda cha mikate na habari kwamba anaweza kufanywa mkuu wa zamu ya usiku, lakini hajui watoto watalala vipi, kinyozi aliangua kicheko.

"Mama watoto, wewe nenda zako kazini," alisema. "Mimi nalaza watu wazima na matatizo yao yote. Watoto wawili wa kuzaa mwenyewe ndio wanishinde?"

Mkewe alimtazama kwanza. Mama huyu alianza pale kiwandani kwa kufagia unga sakafuni, akapanda hadi kwenye kukanda, akapanda tena hadi kwenye tanuri, na miaka yote hiyo zamu ya usiku iliongozwa na watu aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Cheo hiki alikitaka mpaka akawa anakiogopa. Meneja alikuwa amempa muda wa kujaribu: mwisho wa mwezi aseme kama anakichukua au anarudi mchana.

"Hujawahi kuwalaza hawa," alisema.

"Nimewaona wakilala."

"Umemwona mmoja," alijibu mkewe, akaenda kutafuta aproni yake.

Na hapo alisema kweli tupu. Mkubwa, binti wa darasa la nne, walimwita Kifaranga kwa kuwa alilala wanapolala kuku na kuamka wanapoamka kuku, wala hakuwa na mjadala. Giza likianza kuingia, kope zinamlemea. Ameshawahi kulala na kijiko mdomoni. Ameshawahi kulala akipiga mswaki, amesimama wima, paji la uso limeegemea ukuta na povu linamtiririka kidevuni. Kasoro ya usingizi wake ilikuwa moja: uliingia upesi na kukatika upesi, na ukishakatika haurudi. Ukimwamsha usiku, amekwisha. Atakodolea dari macho mpaka asubuhi, na kesho yake hafai kwa lolote.

Mdogo, kijana wa miaka mitano, walimwita Mlinzi. Huyo, jua likizama, ndiyo kwanza akili inamfunguka. Hapo ndipo anapotaka kujua kama samaki hufumba macho wakilala, na kwa nini kivuli chake hakina pua. Bomba likidondosha tone jikoni, amelisikia. Jirani akikohoa, anatoa taarifa. Asubuhi, kumtoa kitandani ni kazi ya kupakua gunia. Na wote wawili, kwa vile nyumba haikuwa kubwa, walilala kitanda kimoja.

Kila jioni mama yao aliondoka kwa namna ile ile. Anavaa kofia yake nyeupe ya kazini, anambusu Kifaranga, ambaye muda huo yuko nusu ya safari, kisha anampa mdogo mkono kama wanavyopeana watu wazima. "Haya, Mlinzi, nakuachia nyumba." Kijana anapiga saluti. Baba anacheka. Mlango unafungwa, na shughuli inaanza.

Kinyozi alianza na sheria. Wote kitandani kwa pamoja. Taa ikizimwa, midomo nayo izimwe. Ilikuwa sheria nzuri sana, tena fupi.

"Baba."

"Lala."

"Nimelala. Baba, mlango wa nyuma umefungwa?"

"Umefungwa."

"Kwa komeo au kwa ufunguo?"

"Kwa vyote viwili. Lala, mwanangu."

"Na dirisha la chooni?"

Hapo shuka likavutwa upande wa pili. "Baba," ilisema sauti ya Kifaranga, sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "mwambie huyu anyamaze. Sasa nimeshaamka." Na kweli alikuwa ameshaamka, na akabaki hivyo.

Alfajiri mkewe alirudi na unga kwenye nyusi, akauliza kama wamelala. "Wamelala," alijibu kinyozi. Hakusema uongo. Hakusema tu ni saa ngapi.

Basi akaanza kuomba ushauri dukani, kwa wateja, na hilo lilimuuma kuliko kidonda. Hebu fikiria, mtu anayelaza mtaa mzima anawauliza wale wale anaowalaza namna ya kulaza. Dereva wa lori alimwambia mtoto huyo hana tatizo ila nguvu nyingi, amchoshe. Kinyozi akamchukua Mlinzi uwanjani wakakimbia, wakazunguka goli hadi goli, baba akihema na mwana akimsubiri kwenye kona. Wakarudi. Kijana alirudi amechangamka. Baba aliketi kitandani avue viatu, na habari zake zikaishia hapo hapo. Mama alipopiga simu wakati wa mapumziko, aliyepokea alikuwa Mlinzi.

"Baba yako yuko wapi?"

"Amelala na viatu. Nimemfunika."

"Na dada?"

"Alikuwa amelala, lakini nimemwamsha nimwambie kwamba baba amelala."

Mhasibu akashauri maziwa ya moto. Maziwa yakanywewa, na mnywaji akawa anakwenda chooni na kurudi, kila safari akipita juu ya tumbo la dada yake. Fundi bomba akashauri hadithi. Kinyozi alisimulia habari ya mfalme asiye na nywele mpaka Mlinzi akamkatiza: kama mfalme hana nywele, kinyozi wake analipwa kwa kazi gani? Baba akakosa jibu, na mpaka leo bado analitafuta.

Mwishowe alipiga moyo konde akaleta mashine nyumbani. Alimketisha Mlinzi kwenye stuli jikoni, akamfunga shuka, akaiwasha. Kijana alilegea. Kichwa kikaangukia kifuani, kama cha dereva, kama cha mhasibu, na kinyozi akambeba hadi kitandani huku miguu haigusi ardhi kwa furaha. Usiku ule alijiona amerudishiwa heshima yake. Kesho yake akarudia, na kesho kutwa. Tatizo ni kwamba nywele za mtoto zina mwisho. Zilikwisha kabla usingizi haujazoea kuja wenyewe. Kinyozi akajaribu kuipitisha mashine hewani, karibu na sikio tu, lakini Mlinzi alifumbua jicho moja na kumwambia kwa upole, "Baba, hapo hakuna kitu."

Mkewe alipokiona kile kichwa kinang'aa chini ya taa, aliuliza mwanawe amefanya kosa gani. Kinyozi akasema ni joto.

Na hapo bado hatujamtaja Kifaranga. Katika ushindi wake, kinyozi alisahau kwamba jikoni na chumba cha watoto hutenganishwa na ukuta mwembamba, na kwamba ngurumo inayomlaza mmoja humwamsha mwingine. Binti hakulalamika tena. Alikuwa amekata tamaa na familia yake. Alikaa tu gizani. Ikawa siku moja mwalimu wake wa darasa amekuja dukani kumleta mwanawe kunyolewa, na kinyozi alipomuuliza maendeleo ya binti, mwalimu akajikohoza.

"Fundi, sitaki kukuficha. Jana nilimuuliza saba mara nane ni ngapi. Aliinua kichwa kutoka kwenye dawati akanijibu, 'Zima taa.'"

Wateja walicheka mpaka dereva wa lori akaamka. Kinyozi naye alicheka, lakini cha mdomoni. Jioni hiyo, kwa kuwa alijua mwalimu atamfikia mkewe kwa njia nyingine, akasimulia mwenyewe. Alidhani atafokewa, na alikuwa tayari kufokewa. Mkewe hakufoka. Aliikunja kofia yake nyeupe mara mbili, akaiweka ndani ya begi.

"Meneja anataka jibu usiku huu," alisema. "Nitamwambia narudi mchana."

"Usimwambie bado."

"Mtoto analala darasani, mume wangu. Nisubiri nini?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma kinyozi. "Nitapiga simu saa ya mapumziko. Nikiisikia sauti ya Mlinzi, basi nimeshapata jibu langu." Akambusu Kifaranga, akampa mdogo mkono, akasema maneno yake yale yale, akatoka.

Kinyozi alibaki amesimama katikati ya sebule. Alijua ni maneno gani yaliyomfikisha hapo: yale ya siku ile ya kicheko. Mkewe alikuwa anataka kuachia kitu alichokitamani kwa miaka mingi, na aliyemshusha hakuwa meneja wala tanuri. Ni yeye na mdomo wake. Aliona aibu, na kwa mara ya kwanza mwezi mzima hakuwa na mbinu yoyote.

Kwa kukosa mbinu, akafanya jambo la kawaida kabisa. Kifaranga alikuwa anasinzia juu ya daftari. Akamlaza peke yake, akafunga mlango wa chumba. Mlinzi akamwacha jikoni. Hakumwambia lala. Alivuta stuli, akaketi, akaanza kusafisha meno ya mashine yake kwa brashi. Kijana naye aliketi chini, mgongo kwenye mlango wa nyuma, tochi ya nyumba mapajani. Alikuwa na macho mekundu. Kichwa kilimwangukia, akakirudisha kwa nguvu. Kikaanguka tena, akajifinya mkono.

Kinyozi akaacha kusafisha. Vichwa vinavyoanguka alivijua. Mtu asiye na usingizi hajifinyi.

"Mlinzi, una usingizi."

"Sina."

"Unao. Kwa nini hulali?"

"Siruhusiwi."

"Nani amekukataza?"

Kijana alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Si mama ameniachia nyumba? Yule mlinzi wa getini kwao alilala, asubuhi wakamfukuza. Mama alisema. Mkacheka." Akajifinya tena. "Mimi nikilala mtanifukuza niende wapi?"

Kinyozi aliikumbuka jioni hiyo vizuri. Mkewe alikuwa amesimulia mezani jinsi mlinzi wa kiwanda alivyokutwa amejikunyata kwenye kibanda chake, akaigiza mkoromo wake, na wote wakacheka, yeye kuliko wote. Hakuna aliyeangalia kama mdogo anacheka. Kumbe tangu mama alipoanza zamu ya usiku, kijana huyu hakuwa anakosa usingizi. Alikuwa kazini.

Kinyozi alitaka kumwambia kwamba ule ulikuwa utani tu, mwanangu, jina tu hilo. Akajizuia. Mtoto amekesha mwezi mzima akilinda nyumba kwa moyo wake wote, halafu umwambie kazi yenyewe ilikuwa mzaha? Hata mtu mzima asingekusamehe.

"Sikiliza," alisema, akashuka kwenye stuli wakawa sawa. "Mama yako kazini, saa zake zikiisha, anafanya nini?"

"Anakuja nyumbani."

"Kabla ya kuja."

Mlinzi hakujua.

"Anakabidhi zamu. Anamwambia anayeingia: unga uko hapa, tanuri liko hivi, hiki kimeharibika. Yule akishapokea, mama anaondoka, hata akilala njiani hana kosa. Hakuna mtu anayelinda saa zote, hata askari. Unajua kosa la yule wa getini ni nini? Si kulala. Alilala bila kukabidhi."

Kijana alifikiri sana. Ilionekana wazi kwamba hakuna aliyewahi kumweleza kanuni za kazi.

"Nikabidhi kwa nani?"

"Kwangu."

"Wewe unalala, baba. Juzi nilikufunika."

"Leo silali," alisema. "Na alfajiri nitamkabidhi dada yako. Yeye si huamka kabla ya watu wote?"

"Nikamwulize kama anakubali?" Mlinzi alikuwa ameshasimama, na baba akawahi kumdaka kwa ukosi wa fulana.

"Nitamwuliza mwenyewe. Kwa heshima zote."

Wakazunguka nyumba. Na hapa lazima isemwe kwamba kinyozi alijifunza nyumba yake mwenyewe usiku ule. Alionyeshwa komeo linalodanganya, linaloonekana limeingia kumbe limeishia njiani. Alionyeshwa dirisha la chooni, ambalo halifungi ila ukilibana kwa kopo la sabuni. Aliambiwa kwamba mlio wa juu ya dari ni bati linapoa, asiogope. Na kwamba dada hulia kidogo akiota, lakini ukimwekea mkono mgongoni, bila kumsemesha, ananyamaza. Hili la mwisho lilimsimamisha baba. Alikuwa anadhani mtoto yule hakufanya lolote gizani isipokuwa kumsumbua dadake.

Walipofika tena jikoni Mlinzi alimpa tochi kwa mikono miwili.

"Nimekabidhi."

"Nimepokea," alisema kinyozi, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Kijana akaenda kitandani kwa miguu yake, akapanda kwa kunyata upande wa ukutani. Hakuuliza habari ya samaki. Hakuuliza kitu. Baba aliposogea kumvutia shuka, alikuwa ameshazama, na Kifaranga hakujigeuza hata mara moja.

Simu ilipoita, kinyozi aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Yuko wapi?" aliuliza mkewe.

"Amelala."

"Mpe simu."

"Mama watoto, amelala. Wote wawili. Wala si kwa mashine."

Upande wa pili ulikuwa na kelele za mabati ya mikate, na mtu alikuwa anaita kwamba unga umeumuka kupita kiasi. "Sawa," alisema mkewe. Ikakatika. Kinyozi aliitazama simu. Sawa ile ilikuwa ya namna gani, hakujua, na alishindwa kupiga tena kuuliza.

Akaanza kulinda. Msomaji anaweza kusema angelala tu, mtoto atajuaje? Kinyozi naye alilifikiria hilo, mara nyingi tu. Lakini alikuwa ameshasema nimepokea. Alinawa uso. Alizunguka meza. Alilibana dirisha ambalo lilikuwa limebanwa. Mtu aliyejivunia kulaza wengine alikaa mlangoni akipigana na kope zake mwenyewe, na akakiri moyoni kwamba kazi ile mwanawe aliifanya vizuri kuliko yeye.

Kulipoanza kupambazuka mlango wa chumba ulifunguliwa. Kifaranga alitoka amekunjuka, uso umemng'aa, mtoto aliyelala usiku mzima. Alimkuta baba yake ameegemea ukuta na tochi inawaka bure.

"Baba, umefanya nini?"

Kinyozi alimweleza kwa ufupi, kwa sababu ulimi nao ulikuwa umechoka. Alieleza habari ya mlinzi wa getini, na kujifinya, na zamu. Alitarajia binti acheke. Kifaranga hakucheka. Alitazama mlango wa chumba walimolala, akameza mate.

"Na mimi nitamkabidhi nani?"

"Mama yako akirudi."

"Sawa. Nimepokea. Nenda kalale, baba, unatisha."

Kinyozi alifika mezani tu. Aliweka kichwa juu ya mikono, akasema atapumzisha macho, lakini masikio aliyaacha wazi, maana kulikuwa na jambo moja alitaka kulisikia kabla ya kulala. Kifaranga alivuta stuli hadi mlangoni akaketi, magoti pamoja, kama mtu wa ofisini.

Mwanga ulikuwa umeshaingia chini ya mlango viatu viliposimama nje. Ufunguo ukazunguka, mlango ukagoma kwa komeo. Pakagongwa.

"Nani?" aliuliza Kifaranga.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mama yako. Fungua, mwanangu, miguu inaniwaka moto."

"Akina mama ni wengi," alisema Kifaranga, ambaye alikuwa amepokea zamu yake kwa dhati. "Taja na kazi yako."

Nje kukawa kimya. Kinyozi aliinua kichwa kutoka mezani. Alisikia begi likiwekwa chini, na mtu akishusha pumzi, na kimya hicho kikawa kirefu mpaka akaona atainuka akafungue mwenyewe, ayamalize.

"Mkuu wa zamu ya usiku," ilisema sauti ya mkewe, kwa chinichini, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Kifaranga akamfungulia.